Murakami Yupi? Utata wa Jina la Ukoo katika Marejeleo ya Fasihi ya Kijapani

Mwanafunzi wa fasihi linganishi akiandika "Murakami (1976)" na "Murakami (1979)" katika tasnifu yake, msomaji atadhani anarejelewa mwandishi mmoja. La hasha! Wa kwanza ni Murakami Ryu, aliyezaliwa Sasebo mwaka wa 1952, ambaye riwaya yake ya kwanza ilimpatia Tuzo ya Akutagawa mwaka wa 1976. Wa pili ni Murakami Haruki, mzaliwa wa Kyoto (1949), aliyechapisha riwaya yake ya kwanza mwaka wa 1979. Tuzo hiyo hakuwahi kuipata, licha ya kusomwa kote duniani. Hawana udugu wowote, ingawa mwaka wa 1981 walichapisha kwa pamoja kitabu cha mazungumzo yao, jambo linalozidisha utata.

Chanzo ni cha kihistoria. Kabla ya enzi ya Meiji, raia wengi wa kawaida hawakuruhusiwa kutumia rasmi jina la ukoo. Mwaka wa 1875 serikali iliwalazimisha wote kuwa nalo, na wengi wakachagua majina yatokanayo na mandhari. Murakami huandikwa kwa alama mbili: "kijiji" na "juu". Kwa hivyo, jina moja si ithibati ya nasaba moja.

Wajapani hutanguliza jina la ukoo, lakini wawili hawa huwatofautisha kwa majina yao wenyewe, Haruki na Ryu (ufupisho wa Ryunosuke). Kwa maoni yangu, kanuni ya kutaja jina la ukoo pekee haitufai hapa. Tuandike yote mawili, hata ndani ya mabano.