Geuza Umbo, Usigeuze Matundu

Ingia Marikiti, soko la Mombasa lililofunguliwa mwaka 1914 kwa jina la Mackinnon, ununue nanasi zima. Muombe muuzaji na maboksi matupu. Nanasi litakufundisha kanuni; maboksi yatakuwa sanamu.

1. Hesabu. Kabla ya kumenya, fuata kwa kalamu mistari ya macho inavyopanda kimshazari. Aghalabu utapata mistari 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Nanasi hurudia kanuni moja, jicho baada ya jicho. Programu nayo hivyo hivyo.

2. Andika kanuni. Tumia Processing, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry. Chora ua la petali 8. Lirudie mara 60, kila tabaka likigeuka nyuzi 3 na kutanuka au kusinyaa kidogo. Kwa kadibodi ya mm 5, utapata sanamu ya sm 30 iliyojisokota nusu mzunguko. Usikisie unene: bana vipande 10, pima, gawanya kwa 10.

3. Toboa. Hapa ndipo wengi hukwama. Weka matundu mawili ya mm 6 karibu na kitovu, yakae palepale katika kila tabaka. Ua pekee ndilo ligeuke. Ukipitisha fito mbili, matabaka yatajipanga yenyewe. Tundu likiwa moja, yatazunguka kama feni.

4. Kata. Jaribu matabaka 10 kwa kisu kabla ya kumlipa fundi wa leza. Mpelekee faili ya SVG yenye mstari wa sm 10, aupime kabla ya kuwasha mashine. Leza hula ukingo, hivyo jaribu kwanza matundu ya mm 5.8, 5.9 na 6. Andika namba kwenye kila tabaka. Kadibodi hushika moto upesi: msiiache mashine peke yake. PVC usiikate kabisa; moshi wake ni sumu.

5. Gundisha. Gundi nyeupe kidogo yatosha. Kisha paka vanishi kote, maana hewa ya bahari hulegeza kadibodi.

Sasa badilisha namba moja tu: nyuzi 3 ziwe 6. Sanamu itajisokota mzunguko mzima. Nanasi lenyewe limeshamaliza somo. Likate, ulitie chumvi na pilipili.