SOMO: Kosa ni Langu au ni Lao? Tujifunze Nambari za Majibu ya Seva



Siku hizi fomu nyingi za basari, za vyuo na za huduma za serikali hujazwa kwa intaneti. Kijana anatoka nyumbani asubuhi, analipa nauli, analipa saiba, kisha kompyuta inamwonyesha 403 au 500. Anarudi nyumbani akisema, "Wamenikataa." Kumbe hakuna mtu aliyemkataa! Hata fomu yake haijasomwa na mtu. Ile nambari ni jibu la mashine, nasi tunaweza kujifunza kuisoma.

Nambari hizi hutoka wapi?

Kila tovuti hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva. Simu yako, au kompyuta ya saiba, ni mteja. Mteja huomba ukurasa, seva hujibu, na kila jibu huja na nambari ya tarakimu tatu. Utaratibu huu wa kuomba na kujibu unaitwa HTTP. Ulianzishwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilichoko Geneva, Uswisi. Kanuni zake ziliandikwa upya mwaka wa 2022, na zinatumika dunia nzima. Kwa hivyo 404 ya Kitale ni sawa na 404 ya London.

Tazama tarakimu ya kwanza

1 - Seva inasema, "Nimesikia, endelea." Hii hutaiona mara nyingi.
2 - Mambo sawa. Ukurasa unafunguka tu, nambari (kama 200) haionyeshwi.
3 - Ukurasa umehama: 301 ni kuhama kabisa, 302 ni kwa muda. Kompyuta yenyewe hufuata anwani mpya. Hakikisha ni ya ofisi ile ile kabla ya kuandika neno lako la siri.
4 - Ombi lililotumwa lina shida. Anza kuangalia upande wako.
5 - Seva imeshindwa. Shida iko kwao.

Zile zinazotusumbua zaidi

400: Seva haielewi ulichotuma. Rudia kwa makini.
401: Hujajitambulisha. Ingia kwanza kwa jina na neno la siri.
403: Huruhusiwi kuona ukurasa huo. Si ati umenyimwa basari. Ni mlango huo tu umefungwa. Uliza ofisi inayohusika.
404: Ukurasa haupo. Labda umekosea herufi moja ya anwani, au wenyewe wameuondoa. Anza na ukurasa wa kwanza wa tovuti.
429: Umeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi. Acha kubonyeza, ngoja kidogo.
500: Kitu kimeharibika ndani ya seva.
502 na 504: Seva iliyo mbele imeuliza seva ya nyuma. Kwa 502 imepata jibu bovu, kwa 504 imengoja jibu mpaka muda ukaisha.
503: Seva imelemewa au inatengenezwa. Hutokea sana siku ya mwisho, watu wote wanapoingia pamoja. Jaribu usiku au alfajiri. Bora zaidi, usingoje siku ya mwisho.

Mambo matatu ya kushika

Kwanza, ukiona 500 au 504 baada ya kulipa, usilipe tena papo hapo. Huenda malipo yalifika na ni jibu lililopotea njiani. Angalia ujumbe kwenye simu yako, au uulize ofisi. Haraka haraka haina baraka.

Pili, ukurasa kufunguka vizuri si kusema fomu imepokelewa. Seva imekuletea ukurasa, basi. Tafuta nambari ya ombi lako au ujumbe wa kuthibitisha, uiandike kwenye daftari.

Tatu, kama hakuna nambari yoyote na simu inasema haiwezi kufikia tovuti, huenda ombi lako halijafika kwa seva. Angalia kama bando imeisha, kama mtandao upo, na kama anwani ni sahihi.

Ukikwama, andika nambari uliyoiona, tarehe na saa. Ukienda ofisini ukasema "kompyuta ilikataa", hawatajua waanzie wapi. Ukisema "nilipata 503 Jumatatu saa nne asubuhi", fundi wao atajua pa kutafuta, nawe utakuwa na la kujitetea muda wa kutuma ukipita.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mama mmoja analipia cheti cha mtoto, kisha anaona 504. Afanye nini kwanza?
2. Kijana amepata 404. Mhudumu wa saiba anamwambia nafasi zimejaa. Je, ni kweli? Eleza.
3. Ni nani katika kikundi chetu anaweza kuwasaidia wazee wasiotumia kompyuta kujaza fomu mapema, wiki moja kabla ya siku ya mwisho?