Lau Ningepata Mamilioni



Katika mabaraza yetu, baina ya Magharibi na Isha, husikiwa sana maneno haya: "Lau ningeshinda bahati nasibu, ningempeleka mama Hija, ningelipa madeni, ningejenga madrasa, wala jirani yangu hangelala na njaa." Maneno ni mazuri, na wengi wayasemao hawakusudii uwongo. Lakini yatupasa tuyapime kwa mizani ya Sharia, kwani ndani yake mna mambo mawili: njia ya mali, na ahadi ya moyo.

Ama njia, hukumu yake i wazi. Katika Suratul Maida, aya ya 90, kamari imetajwa pamoja na ulevi na masanamu, tukaamrishwa kuiepuka. Na bahati nasibu ni kamari: wengi hutoa ili wachache watwae, wala hapana baina yao biashara, wala kazi, wala hiba. Serikali kuipa leseni, kama ilivyofanywa Kenya kwa sheria ya mwaka 1966, hakuifanyi halali mbele ya Mola.

Huenda mtu akasema: "Sehemu ya fedha hizo huenda kwa maskini." Hoja hii ni kongwe. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia, wakapiga kura kwa mishale, kisha washindi wakawagawia mafakiri nyama na kujifakhirisha kwayo. Pamoja na hayo, Suratul Baqara, aya ya 219, imetaja manufaa yaliyomo katika kamari, ikahukumu kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo.

Na tutazame hesabu. Uingereza, tangu mwaka 1994 hata 2015, bahati nasibu ya taifa ilimtaka mtu apate namba 6 katika 49. Namna za kuzichagua ni 13,983,816. Anunuaye tikiti mbili kila wiki angehitaji zaidi ya miaka 134,000 kuzimaliza zote! Na siku hizi kamari imeingia katika simu; fedha ya unga huondoka usiku, mtu yuko kitandani, na mkewe hana habari.

Ama ahadi, isomeni Suratut Tawba, aya za 75 mpaka 77. Humo wametajwa watu waliomuahidi Mwenyezi Mungu kuwa akiwapa katika fadhila zake watatoa sadaka. Alipowapa, wakafanya ubakhili, na unafiki ukakaa nyoyoni mwao. Na katika hadithi ya Bukhari na Muslim wametajwa watatu wa Bani Israili: mwenye mbalanga, mwenye upara, na kipofu. Waliponyeshwa, wakapewa ngamia, ng'ombe na kondoo, wakatajirika. Malaika akawarudia kwa sura ya msafiri fakiri. Wawili walimnyima, wakadai mali ni ya urithi wa mababu. Kipofu peke yake aliikumbuka hali yake ya zamani, akamwambia atwae atakacho. Basi mali haigeuzi moyo, huudhihirisha.

Na aliyekwisha kuzipata fedha hizo afanyeje? Kwanza atubu, aache mchezo. Wanazuoni, miongoni mwao Imam Ghazali, na Imam Nawawi akamnakili, wamesema kuwa mali ya haramu hurudishwa kwa wenyewe wakijulikana. Wasipojulikana, hutolewa kwa mafakiri au katika maslaha ya umma, kama vile madaraja na njia. Hutolewa kwa kujivua nayo, si kwa kujitafutia thawabu za sadaka, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mwema, hakubali ila kilicho chema. Na akiwa mwenyewe ni fakiri, ana ruhusa ya kutwaa kadiri ya haja yake na ya watu wake. Tazameni huruma ya Sharia: haikumfukuza aliyekosea, bali imemfungulia mlango.

Basi ewe ndugu, usiyangoje mamilioni. Deni la duka, lipa kidogo kidogo. Mama hakwenda Hija. Je, umekwenda kumtazama wiki hii? Mtume (S.A.W.) ametuagiza tujikinge na Moto japo kwa nusu ya tende. Mwenye shilingi 100 asiyeweza kumtolea jirani 5, mamilioni hayatamfundisha ukarimu.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake. Wallahu aalam.