Mutoto albino katika kalasi yetu



Kwa namba hii niliombwa niandike somo juu ya mutoto anayetezwa masomoni kwa sababu hafanani na wengine. Kuna namna nyingi za kutokufanana. Miye nitaandika juu ya ile ninayoijua, ni kusema juu ya mutoto albino. Na ninaijua kwa upande mubaya, kwa maana nilikuwa kati ya wenye kucheka.

Tulikuwa mwaka wa tatu wa primeri. Mwalimu alitukalisha kwa urefu, wafupi mbele, warefu nyuma. Mwenzetu albino alikuwa murefu, basi alikaa kwenye benchi la mwisho, karibu na dirisha. Wakati wa dikte alikuwa wa kwanza au wa pili. Hesabu ya kichwa vilevile: mwalimu hajamaliza kusema, yeye amekwisha kujibu. Lakini siku ya mutihani maulizo yaliandikwa ubaoni, na yeye alitoa karatasi karibu tupu. 2 kwa 20, 3 kwa 20. Mwalimu akamuuliza: "Namna gani weye? Juzi ulijua, leo hujui?" Akajibu: "Mwalimu, minaona tu kitu cheupe." Kalasi yote ikacheka. Na alipopewa kitabu alikileta mpaka karibu na uso, ndipo jina likatoka: "Anasoma na pua!" Nani alilitoa jina lile? Ni miye.

Hata mutu mmoja hakufikiri kulinganisha alama za dikte na alama za ubao. Jibu lote lilikuwa pale, limeandikwa katika kaye ya mwalimu. Mwaka wa ine yule mwenzetu aliacha masomo.

Sasa tujifunze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu maneno mengi yanayosemwa mitaani juu yake ni uongo.

Mwili wa mutu unatengeneza rangi moja inayoitwa melanini. Ndiyo inayotia weusi katika ngozi, nywele na macho. Kwa mutu albino mwili hautengenezi rangi hii, au unatengeneza kidogo tu. Wale wa mwaka wa tano na wa sita wanakumbuka yule mutawa Mendel, aliyetangaza kazi yake juu ya njegere mwaka 1866. Tuandike A kwa jeni inayofanya kazi vizuri, na a kwa ile yenye upungufu. Papa ni Aa, mama ni Aa. Wote wawili ni weusi kama miye na weye, na hawajui kama wanabeba kitu. Mutoto anapata herufi moja kwa papa na moja kwa mama. Inaweza kuwa AA, Aa, aA au aa. Huyu wa mwisho ndiye albino. Kwa hiyo ni mara moja juu ya 4 kwa kila mimba. Muangalie vizuri: haiko kusema kama wakizaa 4, mmoja lazima awe albino. Kila mimba inaanza hesabu yake upya. Wanaweza kuzaa 5 wote weusi, ao wa kwanza na wa pili wote wawe albino.

Basi yule papa anayekimbia nyumba akisema "Huyu si wangu, mama yake alitembea na muzungu," anakana nusu iliyotoka kwake mwenyewe. Na wale wanaosema kama mama alifanya zambi wasome Yohana sura ya 9. Wanafunzi wa Yesu waliuliza ulizo lile lile juu ya mutu aliyezaliwa kipofu, na jibu alilowapa linajulikana.

Katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini wanahesabu albino mmoja kwa watu 17,000 mpaka 20,000. Kwetu Afrika ni wengi zaidi, mmoja kwa watu 5,000 mpaka 15,000, na kwa Tanzania imetajwa mmoja kwa 1,400. Ni kusema katika muji kama Bukavu hawawezi kukosa, na katika masomo yetu vilevile.

Watu wanafikiri ualbino ni jambo la ngozi tu. Kwa mwanafunzi jambo kubwa ni macho. Melanini inahitajiwa pia wakati jicho linapojengwa katika tumbo la mama. Ikikosa, sehemu ya katikati ya retina, ile tunayotumia kwa kusoma, haikamiliki. Macho yanatikisika-tikisika yenyewe, na mwangaza mwingi unayaumiza. Miwani inasaidia, lakini haimalizi shida, kwa maana upungufu uko nyuma ndani ya jicho. Kwa hiyo mutoto anapokunja uso hana kiburi. Akikupita njiani bila salamu hakukuzarau, hakukuona. Na akileta kitabu karibu na pua, hajiharibu macho. Ndivyo anavyoweza kusoma, mumuache asome.

Akili yake haina kosa lolote. Salif Keita, mwimbaji mukubwa wa Mali aliyezaliwa mwaka 1949, alitaka kuwa mwalimu, akazuiwa kwa sababu ya macho. Ikponwosa Ero, mama wa Nigeria, mwanasheria, alikuwa mutu wa kwanza kuwekwa na Umoja wa Mataifa kwa kutetea haki za maalbino dunia nzima, toka mwaka 2015 mpaka 2021. Lakini ninyi mutakaokuwa walimu, musimujazie mutoto majina ya watu wakubwa kila siku. Yeye anataka kuona hesabu iliyo ubaoni.

Sasa juu ya majina. Kwetu Kivu wanasema nyamweru, Kinshasa ndundu, Tanzania zeruzeru. Mwenye kusema atakuambia: "Ni mchezo tu." Tanzania walikuwa pia na mchezo mwingine, wa kumuita albino "dili", maana yake biashara yenye faida. Neno lile halikutoka hewani. Katika miaka ya 2007 na 2008 watu waliuawa kule, na viungo vyao viliuzwa kwa waganga na kwa wenye kutafuta utajiri. Mwaka 2008 uovu ulifika Burundi, upande wa Ruyigi, na mwaka 2009 tribunali kule ilihukumu waliouwa. Ruyigi haiko mbali na sisi. Na yule anayesema "maalbino hawakufi, wanapotea tu" anamupa muuaji njia, kwa sababu mutu aliyepotea hakuna anayemutafuta.

Hiyo ndiyo sababu Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 13 Juni kuwa siku ya maalbino, toka mwaka 2015.

Nije kwa mambo ya kalasi. Mwaka uliopita nilifanya staji katika masomo moja ya primeri, mwaka wa tatu, wanafunzi 48. Kati yao kulikuwa binti mmoja albino. Siku ya kwanza nilimutoa nyuma nikamuweka benchi la mbele, si upande wa dirisha, ili mwangaza ukuwe mgongoni mwake. Nilijisifu. Siku ya pili nikafanya kosa. Nilimusimamisha mbele ya wote, mukono wangu begani mwake, nikawahubiria wenzake karibu nusu saa kama ni mwenzao, wamupende. Wote waliitika "Ndiyo, Mwalimu." Wakati wa rekreasyo wakaanza kumuita "muke wa mwalimu". Kesho yake hakuja.

Aliporudi na mama yake niliomba musamaha. Mama akaniambia: "Mwalimu, muulize mwenyewe." Kweli, sikuwa nimemuuliza. Nikamuuliza kando, hakuna wa kutusikia. Alitaka mambo matatu. Asiitwe mbele tena. Apewe muda wa kunakili. Na mutu wa kutembea naye wakati wa kurudi, kwa sababu kalasini wanaogopa mwalimu, lakini kwenye njia ya mutoni hakuna mwalimu.

La kunakili lilikuwa nyepesi. Nilianza kusema kwa sauti kila neno ninaloandika ubaoni, na niliandika kwa herufi kubwa. Yeye aliruhusiwa kusimama na kukaribia ubao bila kuomba. Kisha jirani yake alimuachia kaye. Maulizo ya mutihani niliyaandika kwenye karatasi kwa biki nyeusi, nikamuongezea muda. Wenzake wakanung'unika: "Mwalimu anamupenda huyu." Lakini ile ya kusoma kwa sauti ilisaidia wengi, na tuligundua vijana wawili wengine, weusi kabisa, ambao pia hawakuwa wanaona ubao.

La njia lilikuwa gumu. Binamu yake mukubwa alikwisha kupiga wachokozi mara moja, na faida yake ilikuwa nini? Walingoja siku ambayo binamu hayuko. Mimi nilisimama mbali siku tatu nikiangalia tu. Nikaona kama wenye kuanzisha walikuwa wawili. Wengine 10 ao 12 hawakusema neno, walicheka tu, na wale wawili kabla ya kusema waligeuka kwanza kuangalia kama wenzao wako karibu. Basi sikuenda kwa wale wawili. Niliita wenye kucheka, mmoja mmoja, kila mutu peke yake, nikamuuliza: "Unacheka nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Wasichana watatu wanaokaa upande wa kwao wakakubali kurudi naye, bila kutangazia mutu. Sitadanganya kama yote yaliisha. Mpaka mwisho wa staji kulikuwa siku za machozi. Lakini alikuja kila siku, na kwa hesabu alitoka 4 akafika 13 kwa 20.

Kama mateso yanafika kupigwa, kunyang'anywa ao kufuatwa na watu wakubwa wasiojulikana, hapo usitafute hekima yako. Mwambie mwalimu, prefe na wazazi siku ile ile. Hiyo haiitwi kuchongea.

Nisisahau jua. Ngozi isiyo na melanini inaungua upesi, na kansa ya ngozi inapata maalbino wengi wakiwa bado vijana. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na kivuli ni dawa kubwa, zaidi toka saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi. Mafuta ya mawese hayakingi jua. Kwa hiyo prefe wa nizamu anayekataza kofia wakati wa bendera, ao kumupeleka mutoto huyu kulima jua kali, tumuelezee kwa heshima. Kazi ziko nyingi ndani pia.

Mwezi wa tatu nilikuwa sokoni nikitaka kununua mayunite ya simu. Kijana mwenye kofia kubwa alikuwa ameinama, simu karibu na pua, akiandika namba za mutu. Sikumutambua. Nikasema tu: "Mayunite ya mia tano, ndugu." Akainua uso, akataja jina langu, jina la utoto. Nikamuuliza: "Umenijuaje? Unaniona vizuri?" Akasema: "Sikuone. Ile sauti niliisikia miaka miwili."

Nilimuomba musamaha pale, katika kelele za soko. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado ninasoma. Nikamuambia ndiyo, nitakuwa mwalimu. Akasema: "Basi soma kwa sauti."

Maulizo ya kuzungumzia kalasini:

1. Mwende wote, kwa zamu, kukaa kwenye benchi la mwisho la kalasi yenu. Ni nani hasomi ubao kutoka pale? Nani alijua?

2. Katika masomo yetu, njia gani ao mahali gani mwalimu hafiki, na ni nani anayeogopa kupita pale? Musitaje jina mbele ya wengine. Liandikeni kwenye karatasi, mumupe mwalimu wenu.

3. (Kwa mwaka wa tano na wa sita.) Papa ni albino, aa. Mama ni AA. Watoto wao watakuwa wa rangi gani, na watabeba nini? Jibu litatoka katika namba inayokuja.