SOMO LA MWEZI: Miti Ilipokwenda Kutafuta Mfalme

Someni: Waamuzi 9:1-21, Yeremia 29:7, Mathayo 5:9



Redio ikitaja uchaguzi wa nyumbani, makazi yetu hubadilika. Kwenye foleni ya maji watu hupunguza sauti. Waliokuwa wakiazimana jembe huanza kuulizana kwa macho: huyu ni wa upande gani? Hata kwenye kwaya tumeona watu wakihama viti. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tujifunze juu ya uchaguzi, uongozi na amani. Hatumpigii mtu kampeni. Tunaandika kwa sababu watoto wetu wanatusikiliza.

1. YOTHAMU ALIKUWA MKIMBIZI

Abimeleki alitaka kutawala Shekemu. Tazameni njia zake tatu. Kwanza alitumia ukoo: aliwaambia watu wa upande wa mama yake kwamba yeye ni damu yao. Pili alitumia fedha: alikodi watu ovyo wamfuate. Tatu alitumia mauaji: aliwaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Aliyepona ni mdogo wao, Yothamu, kwa kuwa alijificha. Huyo alipanda mlima Gerizimu, akawapa watu mfano, kisha akakimbilia Beeri akakaa huko. Mfano huu basi tumepewa na mkimbizi.

Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kwa ajili ya mafuta yake, mtini kwa ajili ya utamu wake, mzabibu kwa ajili ya divai yake. Mwishowe ufalme ulikwenda kwa mti wa miiba. Mti huo hauna kivuli, lakini uliwaita wengine waje kivulini mwake, na wasipokuja, moto utoke uwale.

2. MFANO HUU TUMEUONA BURUNDI

Mwaka 1961 chama cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilishinda uchaguzi mwezi Septemba. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi. Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais kwa karibu asilimia 65 ya kura. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule aliuawa. Vita vilivyofuata vilikula watu wapatao 300,000.

Sisi tunaoandika tulizaliwa Muyinga. Mwaka 1993 tulikuwa watoto tulipovuka kuelekea Ngara. Tulirudi baada ya uchaguzi wa 2005, tukasoma chuo cha Biblia Gitega, tukapewa kanisa la kuchunga. Mwaka 2015, ugomvi wa muhula wa tatu wa rais ulipowaka, tukavuka tena. Mara mbili tumekimbia, na mara zote mbili habari ilianzia kwenye uchaguzi.

Hapa tuna jambo la kuungama. Mwaka ule wa 2015 vijana wawili wa kanisa letu walitujia usiku. Walikuwa wameambiwa waandike majina ya majirani wasiokuwa wa upande fulani, wakauliza wafanye nini. Tuliwajibu kwamba siasa si kazi ya mchungaji, tukawaombea, tukafunga mlango. Sisi tulikuwa ule mzeituni. Tulitunza mafuta yetu, na mti wa miiba ukapata nafasi.

3. KIVULI HUJENGWA KWA MAPATANO

Tarehe 28 Agosti 2000 Warundi walitia sahihi mapatano ya amani kule Arusha. Mzee Julius Nyerere aliyaanzisha mazungumzo hayo, na baada ya kifo chake mwaka 1999 Mzee Nelson Mandela akayapokea. Katiba ya 2005 ilifuata njia hiyo: katika serikali na Bunge, Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi wasizidi 40, wanawake wasipungue 30. Seneti iwe nusu kwa nusu, na katika jeshi kabila moja lisizidi nusu. Shabaha ilikuwa hii: anayeshindwa asiogope kuuawa, na anayeshinda asile peke yake.

Lakini karatasi haijilindi yenyewe. Mwaka 2018 katiba ilibadilishwa na muhula wa rais ukawa miaka saba. Katika uchaguzi wa 2020 maaskofu Wakatoliki walipeleka waangalizi 2,716, kisha wakasema wazi kasoro walizoziona. Hiyo ni kazi ya mzeituni unaokubali kusimama. Mwezi Juni 2025 chama tawala kilipata viti vyote 100 vilivyogombewa bungeni. Mahali pasipo na sauti ya pili, kanisa linahitaji kukesha zaidi.

4. KIBIMBA, MKOANI GITEGA

Mwezi Oktoba 1993, Kibimba, wanafunzi Watutsi walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta. Kisha Wahutu wengi wakakimbia kwa kuogopa kisasi. Nani angetegemea amani pale? Lakini Wakristo wa kanisa la Marafiki walianza kamati ya amani, wakakaa pamoja watu wa pande zote. Shule ikafunguliwa tena, na watoto wakakaa dawati moja. Hawakungoja viongozi wakubwa wapatane kwanza.

5. TUFANYE NINI SISI TULIO MAKAZINI?

(a) Tukomeshe orodha. Mtu asiandike wala kutaja jirani kwa kabila au chama chake. Kijana akija usiku kuuliza, afunguliwe mlango.

(b) Tupime habari. Ujumbe wa simu usiojua ulikotoka usiupeleke mbele. Wazee wetu Bashingantahe walisikiliza pande zote mbili kabla ya kukata shauri. Tufanye hivyo.

(c) Tukubali kuchaguliwa. Tunapochagua viongozi wa zoni na kamati za maji, watu waaminifu hukataa, halafu tunalalamika juu ya waliopatikana. Mama mwaminifu, baba mwenye haki, simama!

(d) Tujiandae kurudi kwa moyo safi. Tangu 2025 mikoa 18 imekuwa mitano, na Muyinga yetu imeingia mkoa wa Buhumuza. Jina limebadilika, lakini udongo ni ule ule, na huenda jirani ameshaulima. Anayerudi na panga moyoni atakuwa mkimbizi mara ya tatu.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni mti gani mzuri ulikataa kazi katika zoni yetu, na kwa nini?
2. Watoto wetu wamesikia nini kinywani mwetu juu ya kabila lingine wiki hii?
3. Ni jirani gani tumwendee kabla ya Jumapili?

TUOMBE: Bwana, utusamehe kunyamaza kwetu. Uwape Burundi viongozi wenye kivuli, na utufanye sisi wapatanishi hapa tulipo. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Kristo.