SOMO LA 27: KARAMU ISIYO NA DENI

Mji wa Babati u kando ya ziwa, karibu na mlima Kwaraa. Hapo mtu mmoja na mkewe walitimiza miaka 25 ya ndoa. Mume akanena, "Nitakopa fedha ninunue mchele na nyama, watu wasitucheke." Mkewe akajibu, "Bwana, fedha ya kulipa deni itatoka wapi, ila katika karo ya watoto? Tuwape wageni tulicho nacho."

Basi usiku wakaloweka mbaazi na mahindi yaliyokobolewa. Alfajiri wakateleka chungu, vikatokota hata vikalainika. Ndipo wakatia vitunguu, nyanya na chumvi. Samaki wa ziwani wakakaangwa. Maji ya kunywa yalichemshwa, na wageni wakanawishwa mikono.

Wote walishiba, hata majirani wasioalikwa. Mzee mmoja akasimama, akamshukuru Mungu, akasema, "Karamu nyingi nimekula huku nikiwahurumia wenyeji. Leo nimekula kwa raha."

Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga.

Maswali
1. Mume aliogopa nini?
2. Mke aliogopa nini?
3. Makande yalipikwaje?