Krismasi Moshi, marathoni Februari

Mkazi wa Dar es Salaam anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon ana tatizo la kalenda. Mbio hizo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Februari, kwa hiyo programu ya wiki 16 huanza mapema Novemba, na sikukuu zinaangukia katikati yake. Karatasi ya programu inadai ukimbie siku tano kwa wiki, na wewe uko Kibosho au Marangu, nyumba imejaa watoto, mbuzi anasubiri kuchinjwa, na hakuna jirani atakayekubali upite bila kuingia ndani.

Usiende kijijini na programu nzima. Nenda na mbio mbili kwa wiki, moja ya nguvu na moja ndefu. Siku zilizobaki ni za ndugu.

Mbili zinatosha, na si maneno ya kujifariji. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake huko Marekani waliwasimamisha kabisa watu waliokuwa wamezoea mazoezi makali. Baada ya wiki tatu uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 hivi. Hao hawakufanya chochote. Miaka hiyohiyo Robert Hickson wa Chicago alichukua watu waliokuwa wakifanya mazoezi siku sita kwa wiki, akawapunguzia hadi siku nne, wengine mbili. Wiki 15 baadaye uwezo wao ulikuwa palepale, kwa sababu ukali wa mazoezi haukupunguzwa. Alipokuja kupunguza ukali wenyewe, ndipo watu waliposhuka. Kwa hiyo ukibanwa, kata siku na kata kilomita, lakini usikate jasho.

Mbio ya nguvu haihitaji uwanja, kwa sababu kijiji chenyewe ni mlima. Pasha mwili dakika kumi, kisha panda kwa nguvu dakika tatu, geuka ushuke polepole, rudia mara tano au sita. Dakika 45 zinatosha, na utarudi kabla chai haijaiva. Saa ya mkononi itakukatisha tamaa: umetoka usawa wa bahari, sasa uko mita elfu moja na mia kadhaa juu, na mwendo unaoumudu Barabara ya Bagamoyo hautauona hapa. Achana nayo, sikiliza pumzi. Kipimo kizuri kiko njiani kwenyewe, maana karibu kila utakayempita amekuzidi umri na anastahili kuamkiwa. Katika mbio ndefu, kama huwezi kumaliza “Shikamoo mama, habari za asubuhi” bila kuhema katikati, unakwenda kasi mno. Kwenye mbio ya nguvu ikikutoka “shikamoo” peke yake, uko sawa.

Mbio ndefu ipangie tarehe kabla hujapanda basi. Ya kwanza iwe tarehe 22 au 23 Desemba, wageni wengi hawajafika. Ya pili tarehe 29 au 30. Tarehe 25 na 26 usijidanganye. Ihesabu kwa saa, si kwa kilomita: saa moja na nusu hadi mbili za kupanda na kushuka zinatosha. Jua la Desemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na njia za udongo mwekundu kati ya migomba huteleza vibaya zikinyeshewa, basi subiri uone unapokanyaga. Mwenye nyumba mwambie usiku, kabla ya kulala. Geti lina kufuli na mbwa wamefunguliwa. Ukingoja asubuhi, utakuwa umeamsha ukoo mzima.

Kuteremka kunahitaji neno la ziada. Siku ya mashindano njia inapanda kuelekea Mweka halafu inarudi mjini, na mteremko ule ndio unaovunja mapaja ya watu wa pwani waliofanya mazoezi kwenye tambarare tu. Likizo ni nafasi adimu ya kuyazoesha. Shuka kwa hatua fupi za haraka, magoti yakikunjwa kidogo, bila kufunga breki kwa visigino. Mapaja yatauma siku mbili tatu. Yakiacha kuuma, rudia, usirudie kabla.

Chakula kisikutie hofu. Mtori na machalari ni chakula cha mkimbiaji hata kama hakuna aliyevipa jina hilo. Usiku wa kuamkia mbio ndefu ongeza ndizi, punguza nyama ya mafuta, na mbege iache mpaka kesho yake. Kutembea kwa miguu kwenda kuwasalimia mashangazi ng'ambo ya korongo nako kunahesabika, kwa hiyo likija wazo la kupanda bodaboda, likatae.

Safari ya kurudi ni kutwa nzima kitini. Basi likisimama Korogwe kwa chakula, tembea kwanza ndipo ule, na kesho yake usikimbie kwa nguvu. Joto la Dar la Januari litakufanya ujione umerudi nyuma. Lipe wiki moja ya mwendo wa taratibu. Mbio ulizozikosa hazilipwi: anayejaribu kubana wiki mbili ndani ya moja huishia kwa daktari wa viungo. Bado zipo takriban wiki saba. Mbio za kilomita 30 ziwe za nusu ya pili ya Januari, na wiki tatu za mwisho ni za kupunguza.

Na kama likizo imeisha bila kukimbia hata siku moja, na mbio yako ndefu kabla ya kuondoka haikufika kilomita 18, jiandikishe ya kilomita 21. Fanya hivyo mapema, nafasi hujaa.